Kazi za nyumbani baba na mama: kila kazi iwe na mwenyewe, kuanzia kukumbuka mpaka kuosha sufuria

muuza_nafaka (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Naleta huu uzi kwa sababu hapa sokoni Mbuyuni Moshi ninapouza nafaka kila siku nasikia wamama wanalalamika kitu kile kile kuhusu kazi za nyumbani, na nikipita gereji kwa mume wangu jioni nawasikia wanaume nao wanalalamika upande wao, na ukiwasikiliza wote kwa utulivu unagundua hakuna anayedanganya. Mwanaume anasema mbona nasaidia, juzi nimeosha vyombo, jumapili nimeogesha watoto, sasa huyu anataka nini tena. Mwanamke anasema nimechoka. Wote wanasema kweli ila kile wanachogombania hawajakitaja.

Kwa maoni yangu kinachomaliza nguvu za mwanamke ni kukumbuka. Kuosha sahani ni muda mfupi tu, hata mtoto wa darasa la nne anaosha. Chukua chakula cha jioni. Watu wanaona ugali na maharage mezani basi. Lakini ili yale maharage yafike mezani saa mbili usiku kuna mtu jana yake kabla hajalala alikumbuka kuyaloweka, alfajiri akayachemsha kwanza ndo akatoka, na ule mtungi wa gesi aliutikisa akajua unaelekea kuisha kwa hiyo akaanza kutenga hela ya kuujaza, akajua unga uliobaki haufiki alhamisi, akajua mtoto wa mwisho maharage yanamsumbua tumbo kwa hiyo akapitia fungu la mnafu akakaa chini akalichambua. Yote hayo hayaonekani. Baba akiingia jikoni saa moja na nusu akasonga ugali anastahili asante kabisa wala sibezi, lakini amesonga ugali, yale ya tangu jana yamebebwa na mtu mmoja.

Ndo maana unaweza kuwa na mume mwenye roho nzuri, anafanya kila anachoambiwa, na bado ukawa hoi. Kumwambia nako ni kazi. Na kumwambia mara ya pili inakuwa kero, mara ya tatu unaitwa mgomvi.

Kwetu tulichofanya tuligawana kazi nzima nzima. Nguo ni za mume wangu. Nikisema ni zake namaanisha zake zote, yeye ndo anajua sabuni ya unga imeisha, yeye ndo anajua mtoto ana michezo ijumaa kwa hiyo ile tisheti iwe imekauka, analoweka, anafua, anaanika, wingu likitanda akiwa gereji anapiga simu jirani aanue, anakunja, anapiga pasi sare. Mimi sigusi na siulizi. Chai ya asubuhi na uji ni vyake pia. Chakula cha mchana na jioni ni changu kuanzia sokoni mpaka sufuria isuguliwe, na mambo ya zahanati na kadi za watoto ni yangu. Deki na kufagia uwanja ni ya watoto, wa kiume na wa kike kwa zamu, na maji nitayaongelea huko chini maana maji ni kesi yake peke yake.

Sasa kuna watu watasema hizi ni tabia za kizungu, mila zetu mwanaume haingii jikoni. Naomba hapa tuongee taratibu maana mimi ni mzaliwa wa Marangu na hizo mila nimezikuta.

Kule mlimani baba alikuwa na kazi zake na zilikuwa nzito. Kahawa ilikuwa ya baba, kupogoa, kupiga dawa, kupeleka mzigo chamani, na KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianza 1933 kwa hiyo tunaongelea vizazi kadhaa vya wanaume waliosomesha watoto kwa kahawa. Mfongo, ule mfereji unaoshusha maji kutoka juu, kuuchimba na kuuzibua kulikuwa kwa wanaume, ukiitwa kwenye mfereji unaenda. Kujenga, kuchinja, kuchana mbao. Mama alikuwa na ndizi, maziwa, majani ya ng'ombe ambayo mengine aliyafuata tambarare akayapandisha kichwani, soko, watoto, jiko. Kila mtu alikuwa anarudi jioni kachoka.

Sasa angalieni kilichotokea. Kahawa wengi wameing'oa au imezeeka shambani haina wa kuipogoa. Mifongo mingi imekufa, maji ni ya bomba. Nyumba anajenga fundi kwa hela. Wengi tumeshuka mjini tumepanga vyumba viwili Pasua, Majengo, Kiborloni, huku hakuna kihamba, lile shamba la ukoo, cha kulimia. Ile nusu ya baba imeisha yenyewe, wakati nusu ya mama imebaki yote, na juu yake ameongezewa kibanda cha biashara kwa sababu mshahara mmoja hautoshi. Halafu tunaita hiyo mila. Mila yenyewe ilikuwa wote wawili wanafanya kazi.

Na hiki kitu cha kazi ya kike na kazi ya kiume kinabadilika ukipanda gari tu. Nenda Monduli, Longido, kwa Wamasai nyumba anajenga mama, anakata fito, anasimamisha, anakandika kwa samadi na udongo. Mchaga akimwona mkewe anakandika ukuta yeye kakaa pembeni ataona aibu. Nenda pwani kwenye harusi, masufuria makubwa ya pilau utakuta yanasimamiwa na wanaume. Dobi wa mtaani kwenu ni mwanamke au mwanaume?

Karibuni tujadili, najua humu kuna watu wa kila aina, nataka kusikia na wanaopinga.

dereva_kibosho

Mleta uzi nimekusoma mpaka mwisho na unaongea kwa adabu kwa hiyo na mimi nitajibu kwa adabu. Mimi naendesha Coaster Moshi Arusha. Saa kumi alfajiri nimeamka, saa tatu usiku ndo naingia ndani, mgongo hauna hali, kichwani nina hesabu ya tajiri na trafiki. Mke wangu yupo nyumbani hana kazi, hela ya kula naacha mimi, kodi mimi, ada mimi. Sasa nikitoka barabarani nikafue na nguo? Hapo mimi ndo nitakuwa nimeonewa. Kazi nzima nzima unayoisema mimi tayari ninayo moja, inaitwa kutafuta hela.

chipsi_njoro

Mimi nachangia kidogo tu. Nakaanga chipsi karibu na stendi, kwa siku namenya ndoo na ndoo za viazi, nakata kachumbari, naosha sahani na kijana wangu mpaka saa sita usiku, hakuna hata mteja mmoja amewahi kuniambia nafanya kazi ya kike. Anayechoma mishkaki pembeni yangu mwanaume. Anayepika supu na mtori asubuhi pale kwenye baa ya jirani mwanaume. Ikiwa kwa hela ni kazi ya kiume, kazi ile ile ukiifanya bure kwa ajili ya wanao inakuwa ya kike. Hicho kitu nimekifikiria sana sijapata jibu.

Na vijana wenzangu wote tulioishi geto tulikuwa tunapika wali, tunafua, tunadeki, na geto za wengine zilikuwa safi kuliko nyumba za watu. Mtu anaoa desemba, januari hajui kiberiti kilipo.

muuza_nafaka

@dereva_kibosho asante kaka yangu kwa kuongea ukweli wako. Kwanza nakukubalia, mtu anayeendesha gari la abiria tangu alfajiri akirudi saa tatu usiku anatakiwa ale alale, na hata kwa usalama wa hao abiria ni lazima alale. Siwezi kukwambia ufue saa nne usiku.

Ila hapo uliposema hana kazi ndo naomba tukae kidogo. Watoto wako wanaogeshwa na nani, wanapelekwa shule na nani, hiyo shati unayovaa barabarani inafuliwa na nani? Ukiondoka wewe saa kumi yeye anabaki amelala? Ungemwajiri mtu afanye hizo kazi zote ungemlipa. Na ofu yako unaitumiaje, hilo ni swali la kweli sio la kukubana. Sisemi mgawane nusu kwa nusu, kila nyumba ina hesabu yake. Nasema kuwe na kitu kimoja ndani ya hiyo nyumba ambacho mkeo hahitaji kukikumbuka kabisa kwa sababu wewe upo.

@chipsi_njoro umeongea jambo zito mdogo wangu.

msoma_sheria_arusha

Naongezea hapo kwenye "hana kazi" maana hata kisheria hilo limeshaamuliwa zamani. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inasema mahakama ikigawa mali za ndoa iangalie mchango wa kila mmoja, iwe kwa fedha, mali au kazi. Watu wakawa wanabishana kama kupika na kulea ni mchango. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ikatoa hukumu kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikasema ndio, kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Yeye mwenyewe Bi Hawa hakupata mgao, kwa sababu mumewe alikuwa ameshampa hela za mradi wa familia na mahakama ikaona alizitumia vibaya, lakini msimamo ule ndo unatumika mpaka leo. Kwa hiyo wakuu mwanamke wa nyumbani anachangia, na imesemwa na mahakama ya juu kabisa nchini.

Lingine, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba ana siku 3 za malipo za kuchukua ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ni chache sana lakini wapo wanaume wengi ninaowafahamu hapa Arusha wenye ajira rasmi hata hizo 3 hawajawahi kuziomba. Ziombeni. Hizo ndo siku ambazo mama hawezi hata kuinama kuokota kitu.

mama_ngarenaro

Mimi tatizo langu ni mama mkwe. Baba watoto wangu hana shida, anapika, anadeki, mtoto akijichafua usiku anaamka yeye. Siku mama yake alipokuja kutoka Machame akamkuta anaosha vyombo alinyamaza, akakaa, jioni akaanza kupiga simu ukoo mzima kwamba mwanangu kalishwa limbwata. Tangu siku hiyo akija mama, mume wangu anakaa sebuleni kama mgeni, hata glasi ya maji ananyanyua sauti niilete, mama akiondoka anarudi kuwa yule yule. Nimeshamwambia inaniuma. Nifanyeje wapendwa?

mzee_old_moshi

Wanangu nimepita hapa nimesoma yote. Mimi nina miaka zaidi ya sabini. Huyo mleta uzi ameeleza sawa, kazi ya mfongo ilikuwa kali na hakuna aliyekaa. Nataka kuongeza kitu kimoja ambacho vijana wanakisahau. Mwanamke akijifungua kwetu sisi baba alikuwa anatafuta mbuzi au ng'ombe, anachinja, nyama na supu ni vya yule mama, na miezi kama mitatu yule mama hashiki jembe, habebi majani, anakaa ndani anakula mtori na kunywa maziwa. Mume asiyemlisha mkewe vizuri wakati wa uzazi alikuwa anadharaulika mbele ya wenzake. Na kisusio, ile supu ya nyama na damu, nani anapika? Wanaume. Kugawa nyama nani? Wanaume. Kwa hiyo mtu asiniambie mwanaume wa Kichaga hajui sufuria.

Huyo mama anayesema mwanawe kalishwa limbwata mwambieni aniulize mimi.

muuza_nafaka

Shikamoo baba. Asante sana, umenikumbusha mama yangu mzazi. Siku hizi hapa sokoni naona wadada wanarudi kwenye meza na kitoto kichanga mgongoni, damu bado changa, kwa sababu mtaji unakatika. Ile miezi mitatu tumeiacha na hakuna anayelalamika kwamba mila inapotea, lakini mwanaume akishika ufagio mila inakumbukwa.

@mama_ngarenaro dada yangu pole. Kwa ninavyoona mimi hapo wewe usimwendee mama mkwe kabisa, maneno yoyote yatakayotoka kinywani mwako yatageuzwa. Ni mume wako ndo anatakiwa kukaa na mama yake, wawili, amwambie kwa heshima mama mimi hii kazi nimeichagua na wewe ndo ulinifundisha kuosha sahani. Na asiache akija. Kinachompa mama nguvu ya kusema limbwata ni kwamba akiwepo mwanawe anaacha, maana yake anaonyesha kuna kitu cha kuficha. Akija akamkuta anaosha, akaja tena akamkuta anaosha, atazoea, wazee wanazoea wakiona mtoto wao ananenepa na ana furaha.

mwalimu_sakina

Mimi ni mwanamke na nataka niseme kitu ambacho wanawake wenzangu watanichukia. Tunawanyang'anya. Mume akishika deki nasimama mlangoni namwambia pembeni hapo umeacha, maji mengi, kamua kwanza. Akipika nasema chumvi imezidi na jiko lote kachafua. Mwisho anaweka dekio chini anasema basi fanya wewe unayejua. Na mimi nafanya, huku nanung'unika. Nadhani na hilo nalo lizungumzwe.

Pia mleta uzi hujagusa suala la dada wa kazi. Huku Arusha nyumba nyingi baba na mama wamepatana vizuri tu kwamba hakuna anayefanya kitu, kila kitu ni dada, kabinti kametoka kijijini kanalala wa mwisho kanaamka wa kwanza.

muuza_nafaka

Mwalimu sikuchukii hata kidogo, umesema kweli na hili la kunyang'anya ndo gumu kuliko yote kwa upande wetu. Kazi ikishakuwa ya mtu ni yake na namna yake. Mume wangu anaanika nguo bila kuzikung'uta, mimi ningezikung'uta, lakini zinakauka na zikishapigwa pasi hazina tofauti, kwa hiyo nanyamaza. Mwanaume naye asijifanye hajui ili anyang'anywe, maana wapo. Mtu anafungua injini anaipanga upya bolti kwa bolti atashindwaje kukamua dekio?

Kuhusu dada wa kazi nakushukuru kwa kulileta. Kwanza sheria ile ile ya ajira ya 2004 hairuhusu kuajiri mtoto chini ya miaka 14, na wengine mnaowaita dada ukiwaangalia ni watoto. Pili hata akiwa mtu mzima, ana mkataba, analipwa, bado watoto wako wa kiume wanamwangalia. Kijana wa miaka kumi na miwili anayekula anaacha sahani pale pale kwa sababu kuna msichana wa kuiokota anajifunza nini kuhusu wasichana? Atamtafuta wa namna hiyo akikua, atamwita mke. Kwangu hata nikiwa na msaidizi, kila mtu na sahani yake na kila mtu na kitanda chake.

Na wale mlionifuata inbox mnauliza mwanaume aanzie wapi kama hajawahi kabisa. Mimi nashauri msianze na kitu cha kurukia, anzeni na mlo mmoja wa wiki uwe wenu kabisa. Mume wangu alichagua mtori wa jumamosi. Yeye mwenyewe anaenda kununua ndizi mshare na nyama yenye mfupa, nyama anaitanguliza jikoni. Ndizi anamenya akiwa amejipaka mafuta ya kula mikononi mpaka kwenye vifundo, maana ule utomvu ukikushika unageuka mweusi unakaa kuchani siku kadhaa, na kila ndizi akimaliza anaitupa kwenye beseni la maji isije ikawa nyeusi. Nyama ikikaribia kuiva ndizi zinaingia, zikilainika anatoa nyama pembeni, anaziponda kwa mwiko mpaka zinakuwa laini, anarudisha nyama na kitunguu na siagi kidogo. Halafu anaosha ile sufuria, hapo ndo penye kipimo, maana mtori ukishika chini ya sufuria unataka kulowekwa na kusuguliwa kwa nguvu. Akimaliza huko ndo mlo umekuwa wake.

mama_ngarenaro

Nimemwonyesha mume wangu alichoandika mzee wa Old Moshi. Amesoma mara mbili, amesema atampigia mama yake. Naombeni mniombee.

dereva_kibosho

Nimerudi. Nimewaza barabarani leo. Hiyo kesi ya 1983 sikuwa naijua. Kufua mimi bado siwezi kusema nitafua, sitaki kudanganya watu humu halafu nisifanye. Lakini kwetu maji yanatoka usiku wa manane mpaka alfajiri, mke wangu ndo anaamka saa nane kukinga, analala tena, anaamka kunichemshia chai. Na mimi saa kumi niko macho hata hivyo na maji yanakuwa bado yanatoka. Ofu yangu ni jumatatu, mtungi wa gesi huwa anaubeba mwenyewe mpaka dukani au anamlipa boda. Maji na gesi nichukue mimi?

muuza_nafaka

Chukua kaka, na hiyo ya maji ni kubwa kuliko unavyodhani, nilisema hapo juu maji ni kesi yake. Mwanamke anayelala huku sikio moja linasikiliza bomba hajalala. Ila ukiichukua ichukue yote. Madumu yakitoboka wewe ndo unayeona, pipa likiota ukungu ndani wewe ndo unalisugua, maji yakikata wiki nzima wewe ndo unayejua jirani gani ana kisima na anauza ndoo bei gani. Gesi vile vile, tikisa mtungi mwenyewe jumapili usiku, usisubiri akuambie imeisha. Na hiyo chai ya saa kumi, kama uko macho na maji umeshakinga, jiko liko hapo hapo, chemsha. Mwache alale mpaka watoto waamke.